Meli Iliyozama na Waliobaki Nchi Kavu: Uhakiki wa Vitabu Kuhusu Graf von Götzen

1.0 Utangulizi

Meli iliyozama huandikiwa vitabu vingi kuliko meli iliyofika salama bandarini. Titanic, iliyozama Aprili 1912, imeandikiwa vitabu vya kutosha kujaza maktaba nzima. Katika eneo la Maziwa Makuu hakuna meli iliyowavutia waandishi kama Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe katika Ziwa Tanganyika mnamo Julai 1916. Meli hiyo, pamoja na vita vidogo vilivyoizunguka, imezaa riwaya, vitabu vya historia na filamu mashuhuri. Takriban maandishi hayo yote yametungwa na Wazungu kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya na Marekani.

Makala haya yanachunguza vitabu vinne kati ya hivyo: The African Queen (1935), riwaya ya C. S. Forester, The Phantom Flotilla (1968), kitabu cha historia cha Peter Shankland, Mimi and Toutou Go Forth (2004), historia iliyosimuliwa na mwanariwaya Giles Foden, na Eine Frage der Zeit (2007), riwaya ya Kijerumani ya Alex Capus. Hoja inayotetewa ni kwamba mahali mwandishi anapochagua kuimaliza hadithi ya meli ndipo anapoamua hadithi hiyo ni ya nani. Anayeimalizia pale inapozama hueleza habari za makapteni. Anayeifuata hadi inapoibuliwa hulazimika kuwaona watu wengine kabisa.

Huenda msomaji wa Butembo au Beni akajiuliza suala hili linamhusu nini mtu wa milimani, ambaye ziwa lake la karibu ni Edward na si Tanganyika. Swali hilo ni la haki, na litajibiwa katika sehemu ya sita.

2.0 Meli na historia yake

Kabla ya uhakiki, ni vyema kueleza matukio yenyewe kwa ufupi. Graf von Götzen iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani. Ilipokamilika ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Huko mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliiunga upya wakisaidiwa na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika. Iliingizwa majini Februari 1915 ikiwa na urefu wa mita 70 na ushei, na hakukuwa na chombo kingine ziwani kilichoweza kulingana nayo.

Ili kuvunja nguvu za Wajerumani ziwani, Waingereza walituma mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Mashua hizo zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Fungurume katika Katanga, kisha zikakokotwa nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa maksai na kwa nguvu za watu. Baada ya hapo zilipita kwa reli na kwa mto Lualaba hadi Lukuga, mahali ambapo leo ni Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Götzen yenyewe hazikupambana nayo kamwe.

Majeshi ya Kibelgiji yalipokaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha Götzen karibu na mlango wa mto Malagarasi. Wale wale walioiunda ndio waliopaka mitambo grisi ili isiharibiwe na maji, kwa matumaini kwamba siku moja ingeibuliwa. Baada ya vita Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua mara ya pili, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini. Ilisafirisha watu na mizigo hadi karne ya 21.

Ikumbukwe basi kwamba meli hii haikugonga mwamba wala haikupinduliwa na dhoruba. Ilizamishwa kwa uangalifu, mithili ya mtu anayefukia mali yake ardhini. Walioangamia kwa ajili ya vita hivi, kwa wingi wao, walifia nchi kavu, njiani, wakiwa na mizigo vichwani. Kigezo cha kuvipimia vitabu hivi kinatokana na ukweli huo: je, mwandishi anawaona wafu wa nchi kavu, au macho yake yako majini tu?

3.0 Forester: Nchi iliyoachwa tupu

Riwaya ya Forester haiitaji Götzen. Meli ya Kijerumani ndani yake inaitwa Königin Luise, na ziwa lina jina la kubuni. Hata hivyo kila msomaji wa historia anautambua mfano uliotumika. Wahusika wakuu ni Rose Sayer, dada wa mmisionari Mwingereza, na Allnutt, fundi wa mgodi wa Wabelgiji. Wawili hao wanateremka mto wa hatari kwa mashua mbovu ili wakailipue meli ya adui kwa mabomu waliyojitengenezea.

Kisanaa riwaya ina ufundi usiokanika. Msuko wake ni wa moja kwa moja kama mkondo wa mto wenyewe, na kila poromoko la maji linawabadilisha wahusika wawili hawa. Rose anaanza akiwa mwanamke aliyezoea kutii, na anaishia kuwa nahodha. Ni nadra kwa riwaya ya vita ya wakati ule kumpa mwanamke uamuzi wote wa safari.

Lakini ufundi huo una gharama. Riwaya inapoanza, jeshi la Wajerumani limekwisha kuwazoa wanakijiji wote wa misheni pamoja na mifugo na vyakula vyao. Wasaidizi wa Kiafrika wa Allnutt nao wamekimbia. Katika kurasa chache nchi inakuwa tupu, na inabaki hivyo hadi mwisho, isipokuwa pale askari wanapofyatua risasi kutoka ngomeni. Mwandishi aliuhitaji utupu huo, kwa sababu mapenzi ya watu wawili faraghani yasingewezekana katika mto wenye vijiji, wavuvi na watoto wa kupunga mikono.

Yaweza kudaiwa kwamba riwaya si kitabu cha historia, na kwamba Forester hakuahidi kueleza habari za Waafrika. Dai hilo lina uzito, lakini halitoshi. Forester mwenyewe anamwambia msomaji watu walikokwenda: wamechukuliwa kuwa wapagazi na askari. Jambo kubwa kuliko yote katika vita hivyo limetajwa kama maandalizi ya jukwaa tu. Msomaji makini anaweza kuisimamisha riwaya katika kurasa hizo za mwanzo na kuuliza: wale waliozolewa walifika wapi? Riwaya haina jibu, kwa sababu imekwisha kuingia mashuani na kuiacha nchi kavu nyuma.

Mwisho wa riwaya na mwisho wa filamu ya John Huston (1951), ambayo wasomaji wa Kifaransa wanaijua kwa jina la L'Odyssée de l'African Queen, hutofautiana. Katika riwaya mashua ya Rose na Allnutt inazama katika dhoruba kabla ya kutimiza lengo, na kazi ya kuizamisha Königin Luise inafanywa na mashua za Kiingereza. Katika filamu wapenzi wanafaulu. Pamoja na tofauti hiyo, kazi zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: meli ya adui lazima izame kwa ushujaa. Meli halisi ilizamishwa na wenyewe bila pigano. Ubunifu wa aina hii si kosa, ila unaonyesha kiu ya msomaji aliyelengwa: alitaka ushindi, na ushindi ukatengenezwa.

4.0 Shankland na Foden: Vita kama kichekesho

Shankland na Foden wanasimulia safari ya Mimi na Toutou kama ilivyotokea. Mhusika mkuu wa vitabu vyote viwili ni Spicer-Simson, afisa mwenye majivuno, mpenda kusimulia mambo makubwa kumhusu, aliyevaa sketi mbele ya watu wake. Shankland anaandika kwa mtindo wa kijeshi wenye heshima. Foden, ambaye ni mwandishi pia wa The Last King of Scotland (1998), anaandika kwa kejeli. Anamchekea Spicer-Simson, na kwa kumchekea yeye anauchekea ubeberu wa Kiingereza kwa jumla.

Kejeli hiyo ni hatua mbele. Msomaji wa Foden haambiwi amsujudie afisa huyo. Anaonyeshwa udogo wa mtu aliyepewa mamlaka makubwa. Hata hivyo kichekesho kina mpaka wake. Kichwa kidogo cha kitabu cha Foden kinaviita vita vya ziwa hili kuwa vya kioja. Inafaa kuuliza: ni kioja machoni pa nani? Kuvusha mashua milimani ni kioja kwa anayesoma akiwa kitini. Kwa waliofyeka njia, waliojenga madaraja ya magogo zaidi ya mia na kuvuta kamba, hiyo ilikuwa kazi ya jasho isiyochekesha. Katika sehemu kavu za njia, wanawake wa vijiji vya karibu walibeba maji vichwani ili mashine za mvuke zisikaukiwe. Vitabu vinawataja wanawake hao, lakini vinawataja kama sehemu ya mandhari: wanaingia, wanamimina maji, wanatoka. Hakuna aliyepewa jina wala neno la kusema.

Majina ya mashua nayo yanastahili kuangaliwa. Spicer-Simson alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakuu wake walipokataa alichagua Mimi na Toutou, majina ambayo katika Kifaransa cha watoto yana maana ile ile. Utani huo umewafurahisha waandishi wa Kiingereza kwa miaka mingi. Msomaji wa Kivu, anayejua Kifaransa na Kiswahili pia, anasikia zaidi ya hapo. Katika lugha iliyosemwa na wengi katika misafara ya mashariki ya Kongo, jina la mashua ya kwanza ni neno ambalo mtu hulitumia kujitaja nafsi yake. Watu waliivuta «Mimi» milimani na kuiteremsha ziwani, lakini nafsi zao wenyewe hazikuingia kitabuni. Hilo halikukusudiwa na mtu yeyote. Hata hivyo linaonyesha kwamba matini moja husomwa kwa namna tofauti kutegemea masikio ya msomaji, na kwamba masikio ya Kiswahili hayakuhesabiwa miongoni mwa wasomaji watarajiwa.

5.0 Capus: Mikono ya mafundi

Riwaya ya Capus, mwandishi wa Uswisi, inaleta badiliko la maana. Inafuata nyuzi mbili sambamba: mafundi watatu wa Papenburg kwa upande mmoja, na Spicer-Simson kwa upande mwingine. Kwa kumweka Rüter katikati, Capus ameitoa hadithi mikononi mwa maafisa na kuikabidhi kwa wafanyakazi. Fundi anapenda chombo alichokiunda, na vita vinamlazimisha kukiua. Kitendo cha kupaka mitambo grisi kabla ya kuizamisha meli kinapata uzito wa kisanaa, kwani ni utii na uasi kwa wakati mmoja: anatii amri ya kuzamisha, lakini anahakikisha kwamba kilichozama hakifi.

Kati ya vitabu vinne, hiki ndicho kinachokaribia zaidi kuiona kazi kama kiini cha hadithi. Lakini hata hapa kazi inayopewa utu kamili ni ya fundi wa Ulaya. Misumari ya ribiti iligongwa na mikono mingi Kigoma, na mingi kati ya mikono hiyo ilikuwa ya Waafrika. Capus amefungua mlango wa karakana. Waliokuwa ndani wengi wamebaki nyuma ya mwanga.

6.0 Msomaji wa Kivu ya Kaskazini na hadithi hii

Kwa nini basi msomaji wa Butembo na Beni ajishughulishe na vitabu hivi? Sababu ya kwanza ni jina la meli. Gustav Adolf von Götzen alifika Ziwa Kivu mwaka 1894 na kupanda mlima Nyiragongo kabla ya kuelekea magharibi hadi mto Kongo. Jina lililopakwa ubavuni mwa meli ya Tanganyika lilipata sifa kwa safari iliyopita Kivu. Sababu ya pili inahusu filamu: baadhi ya sehemu zake zilipigwa katika Ziwa Albert, ambalo hupokea maji ya Semliki, mto unaotoka Ziwa Edward na kupita mashariki ya Beni.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Jeshi la Kibelgiji lililoingia Tabora Septemba 1916 lilitegemea wapagazi wa Kongo, ambao idadi yao katika vita vyote ilizidi 200,000. Kwa upande wa Waingereza, hesabu ya wapagazi waliokufa hukaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Katika mji wa chukudu na wafanyabiashara kama Butembo, uzito wa mzigo ni jambo linalojulikana mwilini. Aidha, katika vita vilivyoisumbua Kivu ya Kaskazini tangu miaka ya 1990, raia wamelazimishwa mara kwa mara kuwabebea mizigo watu wenye silaha. Anayesoma ukurasa wa kwanza wa Forester akiwa na habari hizo hawezi kuuona utupu wa kijiji kile kuwa pambo la hadithi.

7.0 Upande wa Kiswahili

Yafaa kuuliza kama Kiswahili kilikuwa na uwezo wa kujibu. Historia inaonyesha kwamba kilikuwa nao. Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Majimaji, na mwaka 1909 alichapisha kitabu chake kuhusu vita hivyo. Lakini vita hivyo hivyo vilikuwa na mshairi wake, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyevitungia utenzi kwa Kiswahili. Anayetaka kuijua Majimaji anaweza kumsoma gavana, kisha akamsoma mshairi, akawalinganisha. Kuhusu meli iliyobeba jina la gavana huyo mlinganisho wa namna hiyo haujapatikana. Makapteni wana vitabu. Wapagazi hawana utenzi unaosomwa madarasani.

Riwaya ya Kiswahili nayo imeonyesha njia. Katika Kuli (1979), Shafi Adam Shafi alimweka mpakuzi wa bandari ya Zanzibar, Rashidi, katikati ya hadithi, na kuifanya bandari ionekane kutoka chini ya gunia badala ya kutoka sitahani. Meli katika Kuli ni chombo kinachopaswa kupakuliwa, na historia yake inaandikwa migongoni mwa watu hadi mgomo wa 1948. Kuisoma Kuli sambamba na Eine Frage der Zeit ni zoezi lenye faida kubwa darasani. Capus anauliza aliyeiunda meli alijisikiaje kuizamisha. Shafi anauliza meli imemfanya nini aliyeibebea mizigo.

Hapo suala la mwisho wa hadithi linarudi. Kwa Forester meli inazama na hadithi inakwisha. Kwa Shankland na Foden uzi mkuu ni majaaliwa ya Spicer-Simson, na kwa Capus ni majaaliwa ya mafundi. Lakini kwa watu wa ziwa, meli yenyewe ilianza kuwa yao ilipoibuliwa. Kwa miongo mingi Liemba ilibeba dagaa, mahindi, wafanyabiashara na wagonjwa. Mwaka 1997 ilitumiwa kuwarudisha nyumbani maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Kongo waliokuwa Tanzania, na mwaka 2015 ikawaokoa wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga. Meli iliyowahi kubeba mzinga ilimaliza karne ikiwabeba waliokimbia mizinga. Riwaya itakayoanzia hapo, sitahani, miongoni mwa abiria wenye mabunda na watoto, itakuwa riwaya tofauti kabisa, na haitahitaji kuifanya nchi kuwa tupu ili ipendeze.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu haukusudii kuvitupa vitabu vinne vilivyochunguzwa. Forester anafundisha msuko, Foden anafundisha kejeli, Shankland anafundisha kufuatilia tukio hatua kwa hatua, na Capus anafundisha heshima kwa kazi ya mikono. Ila vyote vinapaswa kusomwa kwa swali moja mkononi: mzigo uko kichwani pa nani?

Swali hilo halihusu mwaka 1916 peke yake. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao. Nyingi za ajali za maziwa haya huishia katika habari za siku chache na vilio vya matanga. Pale ambapo meli moja isiyomzamisha abiria ina rafu ya vitabu, na maboti yaliyozama na watu wake hayana hata kijitabu, kazi ya idara za Kiswahili inajionyesha yenyewe: kukusanya masimulizi ya familia za wapagazi na za wasafiri wa maziwa, kuyaandika kwa lugha wanayoisema wenyewe, na kuyaweka mezani kando ya Forester na wenzake. Mwanafunzi wa Butembo atakayevisoma pamoja atakuwa na hadithi nzima, ya majini na ya nchi kavu.